Neno Nililolirekebisha Mbele ya Jaji

Wiki iliyopita nilirudisha kitambulisho changu cha mahakamani. Msichana wa dirishani alikipokea, akakikata kwa mkasi, akaniuliza kama nina kitu kingine cha ofisi. Nilikuwa na vipokea sauti viwili na betri zake. Baada ya miaka ishirini na miwili ya ukalimani, mali yote ya serikali niliyokuwa nayo ilienea kwenye bahasha moja. Nikaenda kwenye gari, nikakaa bila kuliwasha, nikalia kidogo, halafu nikaenda kununua maziwa.

Ninyi mnaoanza kazi hii mmeniomba niwaandikie chochote cha kuwasaidia. Vyeo nitaviruka kwa sababu mkalimani hana vyeo: unaingia mkalimani, unatoka mkalimani, labda na mgongo unaouma. Malipo mnayajua. Nitawaandikia siku za mwanzo, mama aliyenifundisha kazi, na kesi moja ambayo nilikosea neno. Majina nimeyabadilisha, na mwenye kesi hiyo amenipa ruhusa. Asingenipa, ningewaandikia habari za betri.

Nilifika Minnesota, Marekani, nikitokea Voi, na kama wengi wetu nikaanzia kwenye nyumba ya wazee. Ya kwangu ilikuwa mji wa Plymouth. Niliwaogesha, niliwalisha, niliwabadilisha mashuka, na walinifundisha Kiingereza cha watu wanaong'ata meno wakizungumza. Siku moja mwenzangu wa kanisani akaniambia mahakama inatafuta mtu wa Kiswahili. Nikajiona nimeshafika. Kiswahili nilizaliwa nacho na Kiingereza nilifundishwa kwa kiboko, sasa ni nini tena cha kunishinda?

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya taa nyekundu. Mshtakiwa alikuwa kijana Mkenya aliyeomba mkalimani kwa sababu alisikia ni haki yake. Jaji akamwambia aeleze. Akaeleza hivi: "Mheshimiwa, nilikuwa nadrive pole pole tu, nikatoka kwa exit, cop akanifuata, akasema nimerun red light. Sikurun." Nikavuta pumzi ili nianze. Jaji akainua mkono, akasema ameelewa yote isipokuwa "pole pole". Nikamtafsiria pole pole. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu yote siku ile, na nilifika nyumbani nimechoka utadhani nimelima.

Wiki iliyofuata, kwenye benchi la ukumbini, nilikutana na Bi Mai. Alikuwa mkalimani wa Kihmong, lugha ya watu wa milima ya Laos, mfupi, amevaa sweta mbili moja juu ya nyingine hata mwezi wa Julai, kwa sababu alisema mahakama za huku zimejengwa kwa ajili ya nyama ya kugandishwa. Alikuwa amekaa nyuma katika chumba cha mahakama akinisikiliza nikifanya kesi yangu ya pili. Tulizungumza Kiingereza, kila mmoja na lafudhi yake, na nayaandika maneno yake kwa Kiswahili.

"Umesema 'anasema kwamba aliogopa'," aliniambia. "Nani aliogopa?"

"Yeye."

"Basi sema 'niliogopa'. Ukisimama pale, wewe si wewe. Wewe ni mdomo wake."

Niliona ni jambo geni. Kwetu mtu mzima hatamki kwa kinywa chake kwamba ameiba au ameachwa na mumewe, hata kama ni maneno ya mwingine. Wiki za kwanza nilikuwa nikisema "nilimpiga mke wangu" huku nikitazama sakafu. Lakini Bi Mai hakunionea huruma. Alinifundisha kujiita "mkalimani" ninapotaka kusema langu, ili jaji ajue nani anazungumza. Alinifundisha kukunja ukurasa katikati, majina upande huu na nambari upande ule. Alinifundisha kutumia penseli, kwa kuwa kalamu ya wino ukiiacha garini Januari inakataa kuandika mpaka saa nne. Na alinifundisha kwamba ukikosea, unasimama hapohapo unasema umekosea. "Anayeumia siyo wewe," alisema. Zamani aliwahi kunyamazia kosa moja. Alinitajia jina la mwanamume aliyeumia kwa kosa hilo, jina kamili, kisha akaanza kutafuta pipi kwenye mfuko wa sweta, na mimi sikumuuliza zaidi.

Nilikuwa na daftari la maneno. Ninyi mna simu, na zinawapa maneno kwa sekunde, lakini mimi nilikusanya yangu moja moja. Dhamana. Kiapo. Jopo. Kibali. Ukurasa wa silaha peke yake ulinichukua miezi, maana watu wa huku wana msamiati wa bunduki kama sisi tulivyo na msamiati wa ndizi. Mathalani, husema tu "kubeba", bila kutaja ni kubeba nini, na kila mtu anaelewa ni bastola. Mwaka wangu wa pili, mwendesha mashtaka alimuuliza Mkenya mmoja kizimbani kama alikuwa anabeba polisi walipomsimamisha barabarani. Nikatafsiri vilevile. Bwana yule akajibu ndiyo, anabeba kila siku, ugali na sukuma, kwa kuwa chakula cha kantini kinamvimbisha tumbo. Nilipotafsiri jibu, hata karani alicheka. Kuanzia siku hiyo nikawa natamka "bastola" bila aibu.

Ukurasa mmoja wa daftari hilo niliuonea fahari. Nilikuwa nimeandika pale namna ya kuita kile kitendo cha mtu kuvunja sheria kwa makusudi na kwa amani, ili kupinga jambo analoliona ovu. Nilitafuta kamusini, nikaunganisha mwenyewe, nikaandika kwa herufi kubwa: UASI WA KIRAIA. Lilikuwa na sauti nzuri, sauti ya redio. Nililitumia mara mbili tatu kwa Wakenya na hakuna aliyeshtuka.

Kisha wakaja Wakongo. Familia baada ya familia, kutoka Uvira, Fizi na Baraka, nyingi zikiwa zimepitia kambi za Tanzania. Ndipo nilipojua kwamba Kiswahili nilichozaliwa nacho ni kimoja tu katika vingi. Mama mmoja aliniambia ameibiwa "sakoshi", nami nikakaa kimya kama mwanafunzi aliyelala darasani, mpaka akaunyooshea kidole mkoba wangu. Nikaanza kwenda kusali kwao Jumapili ya pili ya kila mwezi, nikikaa nyuma na penseli. Waliimba kwa saa tatu nzima. Mchungaji alidhani nimeguswa na Roho, na kwa kweli siku nyingine niliguswa, lakini zaidi nilikuwa natafuta vitenzi. Nazikumbuka sana Jumapili zile, na kama kuna kitu cha kazi hii ambacho ningeomba kurudishiwa, ni benchi lile la nyuma.

Sasa kesi yenyewe.

Watu wa makanisa kadhaa walikuwa wamekaa chini barabarani mbele ya jengo moja la serikali, kupinga majirani zao kukamatwa na kupelekwa kusikojulikana. Walijua watazolewa na polisi, na walikuwa wamekubali. Miongoni mwao alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Fizi, msafishaji wa vyumba katika hoteli moja ya Bloomington na mwimbaji wa kwaya. Kando yake, ukingoni mwa barabara, alisimama Mzee Vern. Huyu alikuwa fundi bomba mstaafu kutoka Champlin, mwindaji wa paa, na ndiye aliyekuwa akipokea watu mlangoni katika kanisa lingine, si lile nililosali mimi, ambalo Wakongo walikodi ukumbi. Kiunoni alikuwa na bastola, nje ya koti, inaonekana na kila mtu. Hilo halikuwa kosa. Sheria ya Minnesota humruhusu mwenye kibali kubeba bastola, na haimlazimishi kuificha. Mzee Vern alikuwa na kibali.

Polisi walipoanza kuwanyanyua watu, vurugu ikatokea, na afisa mmoja akasema alimwona Mzee Vern akipeleka mkono kwenye bastola. Mzee akashtakiwa kwa kutishia maafisa kwa silaha. Sisemi kwamba afisa yule alidanganya. Theluji ilikuwa inaanguka na watu wanapiga kelele. Video za simu zilionyesha migongo na kofia. Mtu pekee aliyekuwa karibu kiasi cha kuona mikono ya mzee ni Mama Furaha. Kesi yake ndogo ya kuziba barabara ilikuwa imeshafutwa, kwa hiyo angeweza kusema bila kujidhuru. Mzee alikuwa na miaka sabini na mmoja, na alikuwa anakabiliwa na kifungo.

Wakili wa mzee, binti mmoja mwerevu anayekula tufaha ukumbini, alikuwa ameongea na Mama Furaha ofisini kupitia mkalimani wa simu. Mimi nilikutana na Mama Furaha asubuhi ya ushahidi. Alikuwa amevaa kitenge kipya na viatu vya theluji. Alinisalimia, "Jambo mama, habari ya asubuhi," nikamjibu, na hatukuongea zaidi, kama kanuni inavyotaka. Akaapa. Wakili akaanza polepole, jina, kazi, kanisa. Kisha akamuuliza kama siku ile alikuwa akishiriki katika kile kitendo, na mimi, kwa sauti yangu ya redio, nikasema:

"Siku ile, ulikuwa unashiriki katika uasi wa kiraia?"

Mama Furaha alishika ukingo wa kizimba. "Hapana," alisema. "Miye sijakuwaka na waasi. Hata siku moja."

Nikatafsiri. Wakili akapepesa macho, akauliza kama anamfahamu mshtakiwa.

"Simujui."

Alimwona mshtakiwa akiwa na bastola?

"Miye sikuona mutu. Sikuona bunduki. Nilikuwa napita tu."

Watu kumi na wawili wa jopo, raia wa kawaida wanaoamua hatia, wakaandika. Mwendesha mashtaka akaegemea kiti chake. Mzee Vern alimtazama Mama Furaha mara moja, kisha akatazama meza. Na mimi, niseme ukweli, nilimkasirikia. Nikawaza: mwanamke huyu ameapa kwa Biblia, na mzee wa watu anakwenda jela. Nilitafsiri uongo wake kwa ufasaha mkubwa.

Wakili akawa anapekua karatasi. Ndipo Mama Furaha akaniinamia na kunong'ona, "Mama, batanirudisha kule?"

Mkalimani hana siri na shahidi. Linalosemwa kizimbani linasemwa kwa wote. Nikainua kichwa nikasema kwa Kiingereza, kwa "mimi" ile ile niliyofundishwa na Bi Mai: mama, watanirudisha kule? Nilipojisikia nikilisema kwa kinywa changu, nikajua "kule" ni wapi. Nikaona nilichofanya.

Kwa mtu wa Voi, uasi ni neno la kitabuni. Kwa mtu wa Fizi, waasi ni watu wenye bunduki waliochoma nyumba yake. Kambini, kabla ya kupewa nafasi ya kuja huku, Mama Furaha, kama alivyonieleza baadaye, alikuwa ameulizwa na maafisa zaidi ya mara moja kama aliwahi kuwasaidia waasi, kuwapikia, kuwabebea mizigo. Fomu ya uraia inauliza jambo hilohilo, na yeye alikuwa ameipeleka yake miezi mitatu kabla. Sasa mimi, mama wa makamo mwenye miwani, nimemuuliza chini ya kiapo, mbele ya jaji na polisi, kama alikuwa kwenye uasi, na hapo hapo kuna mtu mwenye bunduki wanayetaka kujua kama anamfahamu. Hilo neno "kiraia" nililoning'iniza mwishoni halikumsaidia kitu.

Nilisita. Nawaambia hili ili msijidhanie wabaya siku yenu itakapofika. Sikuwahi kurekebisha kosa kubwa namna ile. Nilijua mwendesha mashtaka atasema ninamsaidia shahidi. Nilijua jina langu litazungumzwa kwenye benchi la ukumbini. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu, na ningeweza kunyamaza bila mtu yeyote chumbani kujua, maana hapakuwa na mwingine aliyesikia Kiswahili. Nikamkumbuka Bi Mai akitafuta pipi. Nikainua mkono.

"Mheshimiwa, mkalimani anaomba kurekebisha kosa lake mwenyewe."

Jaji akatuita mbele, mimi na mawakili, mbali na masikio ya jopo. Nikaeleza. Mwendesha mashtaka akapinga, na alikuwa na haki ya kupinga: shahidi ameshajibu, na majibu yako wazi. Jaji alikuwa mama mmoja mkavu, hacheki ovyo. Akaniuliza ningetumia neno gani badala yake.

"Sina neno moja, Mheshimiwa. Nitasema: kukataa amri, kwa amani, mbele ya watu, ukiwa tayari kukamatwa."

"Hayo ni maneno mengi. Hayaongezi kitu ambacho wakili hakusema?"

"Neno langu la kwanza ndilo lililoongeza," nikasema. "Liliongeza bunduki."

Jaji aliyaandika maneno yangu. Kisha akaligeukia jopo, akawaambia kosa ni la mkalimani na siyo la shahidi, wayaweke kando majibu yale, na wakili aanze upya. Nilirudi mahali pangu nikauliza swali kwa maneno yangu mengi.

Mama Furaha alisikiliza hadi mwisho. Mabega yakamshuka.

"Aa. Ile ya kukaa chini?" alisema. "Iyo ndiyo. Nilikaa. Polisi akasema tusimame, miye nikakatala, akaninyanyua. Alininyanyua muzuri, hakuniumiza."

Unamfahamu mshtakiwa?

"Namujua. Njo anasimamaka ku mulango ya kanisa."

Alikuwa amebeba bastola?

"Ndiyo. Hapa." Akajigusa kiuno. "Ilikuwa inaonekana kabisa."

Na mikono yake ilikuwa wapi?

"Ku sakoshi yangu."

Nikasema: kwenye mkoba wangu. Mtu mmoja wa jopo akainua kichwa. Mama Furaha akaeleza kwamba barabara ilikuwa maji na theluji, kwa hiyo kabla ya kukaa alimpa mzee vitu vyake. Mkoba mkono wa kulia, kitabu cha nyimbo mkono wa kushoto. Kiingereza chake ni kidogo, akamwonyesha kwa vidole asiviweke chini, na mzee hakuviweka. Alivishika hadi polisi walipomfunga pingu, ndipo mkoba ukaanguka na miwani iliyokuwa ndani ikavunjika. Wakili akachukua orodha ya vitu alivyokutwa navyo Mzee Vern, orodha ya polisi wenyewe, akaisoma. Bastola moja. Kibali. Funguo. Mkoba wa kike, rangi ya kahawia. Ulikuwa umeandikwa pale tangu siku ya kwanza, na hakuna polisi aliyeuliza babu wa Champlin alikuwa na mkoba wa kike wa nini.

Jopo halikukaa sana. Wakasema hana hatia. Mzee Vern akainamisha kichwa mezani, na wakili wake akamwekea mkono mgongoni.

Kwangu jambo lenyewe lilikuwa bado. Ukumbini, Mzee Vern alitufuata mimi na Mama Furaha karibu na lifti. Kazi yangu rasmi ilikuwa imekwisha, lakini aliomba nimsaidie, na mama akakubali. Mzee alikuwa na macho mekundu. Alisema siku ile aliibeba bastola waziwazi ili wao waliokaa chini wajisikie salama, mtu asije akawachezea. Alisema amebeba silaha miaka mingi na watu humkwepa. Mama Furaha peke yake, mgeni, aliiona na bado akamkabidhi mkoba wake. Alisema hatasahau mama huyu alivyomwamini.

Nikatafsiri. Mama Furaha alisikiliza, akafikiri.

"Umwambie," alisema, "si kumwamini. Niliogopa sana. Kule kwetu, mutu wa bunduki akisimama karibu, unamupa kitu ashike. Mutungi, mutoto, kitu yoyote. Mikono isikuwe bure."

Hapo hapakuwa na jaji, kiapo wala karani wa kuandika. Mzee ametoka kuponea jela na analia kwa shukrani. Ningeweza kusema "anakushukuru pia", tukaachana kwa amani, na yeyote asingenilaumu. Lakini asubuhi ileile neno langu zuri lilikuwa karibu limfunge mtu huyu. Nikamtazama Mzee Vern nikamwambia kwa "mimi": sikukuamini. Nilikuogopa sana. Nilikupa vitu vyangu ili mikono yako isiwe huru.

Lifti ikaja, ikafunguka, ikaondoka. Alitazama mikono yake, mikubwa, ya fundi bomba, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba hakujua. Kisha akaniambia nimuulize kama anamwogopa hata sasa.

Nikauliza. Mama Furaha alimtazama kiunoni kwanza, kwa uangalifu, ingawa ndani ya mahakama haruhusiwi mtu kuingia na silaha. Halafu akampa sakoshi yake aishike, akavaa koti taratibu, mkono mmoja kisha mwingine, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu.